KUTAMBUA KISU CHA SANAA NA KUILINDA KAZI YA FUNDI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi. Tunaichapisha hapa ili iwafikie pia wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Nimeombwa nizungumze juu ya visu. Tena visu vya fahari, vinavyotengenezwa kwa mkono na kununuliwa kwa fedha nyingi. Najua kwamba wengi wenu mnatoka katika vyama vya kahawa, pamba na korosho, na yamkini mwanachama wenu atauliza: jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu kwa sababu moja ya zamani. Mkulima wa pamba asiyejua kutenga AR na BR huuza pamba safi kwa bei ya pamba fifi. Mkulima wa kahawa asiyejua daraja la kahawa yake humwachia mnunuzi alitaje yeye. Ushirika katika nchi zetu ulianzia penye mizani, pale wazalishaji walipochoka kuambiwa na mtu mwingine thamani ya mali waliyoitolea jasho wenyewe. Basi miongoni mwa vyama wanachama vimo vyama vya kazi za mikono, vya wahunzi, masonara, wachongaji na washona ngozi, na katika baadhi yake hali ile ya zamani ingalipo. Fundi huleta kazi ya majuma matatu, katibu huandika kitabuni "kisu, kimoja", na mnunuzi hutaja bei ya panga la dukani. Hakuna aliyeiba mbele ya macho ya watu. Lakini mali imekwenda, kwa kuwa mezani hapakuwa na mtu aliyejua alichokishika.

Kusudi langu leo ni kumpa katibu jicho la kutambua. Nitaeleza kwanza kisu cha sanaa ni kitu gani, kisha namna ya kukikagua, kisha hatari mbili zinazoweza kukiangamiza chama, na mwisho mambo ya kutendwa.

Kisu cha sanaa ni kitu gani

Kisu cha kawaida hununuliwa kwa ajili ya kazi. Kisu cha sanaa hununuliwa kwa ajili ya kazi na uzuri pamoja, na mara nyingi mnunuzi wake hatakata nacho hata kitunguu. Hata hivyo, wajuzi wamekubaliana juu ya kanuni moja: kisu kizuri lazima kiwe kisu kwanza. Bapa lililopambwa kwa dhahabu lakini halishiki makali ni pambo la ukutani, na bei yake ni ya pambo.

Fundi hupata umbo la bapa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufua: chuma hutiwa motoni na kupigwa nyundo juu ya fuawe mpaka kifuate umbo. Njia ya pili ni kupunguza: fundi huchukua bamba la chuma cha pua na kulikata, kulisaga na kulipiga tupa mpaka libaki umbo analolitaka. Njia zote mbili ni kazi halali ya mkono. Udhaifu huingia pale mtu anaponunua bapa la kiwandani, akalitia kipini, kisha akasema amelifua mwenyewe.

Katika nchi ya Marekani kazi hii iliinuka upya katika karne ya ishirini, na habari zake zinatufaa sana sisi wana ushirika. Fundi R. W. Loveless wa California, aliyeishi kati ya mwaka 1929 na 2010, alikuwa bingwa wa njia ya kupunguza. Visu vyake vya wawindaji, vyenye ncha iliyoteremka kidogo na msuka uliopunguzwa unene kuelekea mwisho wa kipini, viliigwa na mafundi wa dunia nzima, na leo huuzwa kwa maelfu ya dola. Naye William Moran wa Maryland, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2006, alikuwa bingwa wa kufua. Mwaka 1973 alionyesha hadharani visu vya feleji ya Dameski alivyovifua mwenyewe, wakati ambapo ufundi huo ulikuwa karibu kusahauliwa nchini mwake.

Mafundi hao hawakukaa kila mtu peke yake. Mwaka 1970 uliundwa umoja wa watengeneza visu uitwao Knifemakers' Guild, na mwaka 1976 Moran na wenzake wakaanzisha American Bladesmith Society, chama cha wafuaji. Chama hicho cha pili ndicho ninachotaka mkikumbuke, kwa sababu kilijiwekea madaraja. Baada ya miaka ya uanagenzi, fundi hutahiniwa kwa kisu alichokifua mwenyewe. Kisu hicho sharti kikate kwa dharuba moja kamba nene ya inchi moja inayoning'inia bila kufungwa chini. Kisha kikate mara mbili gogo la mbao lenye unene wa inchi mbili kwa nne bila makali kumeguka. Kisha, bila kunolewa tena, kiweze kunyoa nywele za mkono. Mwisho hubanwa katika jiliwa na kupindwa mpaka nyuzi 90, nacho kisivunjike vipande viwili. Kisu hicho huharibika, lakini fundi amethibitika. Ndipo huleta visu vitano vilivyokamilika mbele ya waamuzi, wavikague kwa usafi wa kazi. Atakaye daraja la juu kabisa hurudia mtihani akiwa na kisu cha feleji ya Dameski yenye tabaka zisizopungua 300, na miongoni mwa visu vyake vitano liwemo jambia la makali mawili la mtindo wa kale wa Ulaya.

Tazameni nani aliyetoa daraja hapo. Hakulitoa mfanyabiashara, wala gazeti la matangazo. Walilitoa mafundi wenyewe kwa umoja wao, na mnunuzi akalikubali, kwa kuwa alijua mtihani ulivyo mgumu.

Namna ya kukikagua kisu

Sasa tuje mezani. Katibu amewekewa kisu mbele yake. Afanye nini?

Kwanza, atazame ulinganifu. Akishike kisu makali yakiwa juu na ncha ikimwelekea. Makali yawe katikati ya unene wa bapa tangu kipinini hata nchani, bila kuyumba. Kisha akigeuze huku na huku. Mahali mteremko wa makali unapoanzia upande wa kulia pawe sawasawa na upande wa kushoto. Mashine ya kiwandani hufanya jambo hili bila taabu. Mkono wa mtu hulifanya kwa miaka mingi ya mazoezi, na ndiyo sababu wajuzi hulitazama mwanzo.

Pili, atazame uso wa bapa. Akisimamishe kisu karibu na dirisha, aangalie taswira ya dirisha ikipita juu ya chuma. Mstari wa dirisha ukipinda-pinda, uso una mawimbi, yaani kazi ya tupa na msasa ilikatizwa kabla ya wakati. Mikwaruzo ya msasa ielekee upande mmoja tu. Mkwaruzo mmoja mrefu unaokatisha mingine waonyesha kwamba fundi aliruka hatua. Tena pembe na mistari ya umbo iwe imesimama wazi. Mtu mvivu hukisukuma kisu penye gurudumu la kung'arishia, nalo hung'arisha kweli, lakini hulainisha pembe zote, hata matundu ya ribiti na herufi za jina zikawa kama sabuni iliyotumika. Kung'aa pekee si dalili ya kazi nzuri.

Tatu, atazame maungio. Hapa ndipo fundi hodari hujulikana. Penye noleo, yaani kile kipande cha madini kilichopo kati ya bapa na kipini, pasionekane mwanga wala nafasi ya unywele. Risasi ya kuungia isiwe imemwagika nje. Apitishe ukucha kutoka kwenye kipini hadi kwenye msuka wa chuma. Ukucha usikwame popote. Vichwa vya ribiti viwe sawa na uso wa kipini. Kumbukeni kuwa ubao hunywea na kuvimba kwa hali ya hewa: kipini cha ubao mbichi kitaachana na chuma baada ya miezi michache, hata kama siku ya kuuzwa kilikuwa kimekaa vizuri. Kwa hiyo katibu amwulize fundi ubao umekauka kwa muda gani.

Nne, atafute habari za moto. Ugumu wa chuma hauonekani kwa macho, nao ndio roho ya kisu. Bapa hupashwa moto mkali, likazimishwa katika mafuta au maji ili liwe gumu, kisha likapashwa tena moto mdogo ili lisiwe la kuvunjika kama kioo. Kwa kipimo cha Rockwell, visu vizuri vingi huwa kati ya 58 na 62. Chama kisicho na chombo hicho kinaweza kudai kila fundi alete kipande cha majaribio cha chuma kile kile, kilichopitia moto ule ule, ili kipigwe tupa na kupindwa. Tupa nzuri huteleza juu ya chuma kilichozimishwa barabara, na hung'ata kile kilicho laini. Msijaribu tupa juu ya kisu chenyewe cha kuuzwa, kwani mtakuwa mmekiharibu.

Tano, akague feleji ya Dameski. Jina hili lina maana mbili, na yafaa tuzitenge. Feleji ya kale ilitoka katika vyungu vya kuyeyushia vya India na Sri Lanka, nayo ilijitokezea mawimbi yenyewe ilipofuliwa. Ile inayofuliwa na mafundi wengi wa leo hupatikana kwa kuunga tabaka za vyuma vya aina mbili, kwa kawaida kimoja chenye nikeli. Ukianza na tabaka 7 na kukunja mara 5, unapata 224. Ukikunja mara ya sita, 448. Bapa likisha kukamilika hutiwa katika tindikali. Chuma kisicho na nikeli huliwa na kuwa cheusi, chenye nikeli hubaki cheupe, na ndipo mawimbi huonekana.

Waongo huchukua bapa la chuma cha namna moja, wakalichora mawimbi juu juu kwa tindikali au kwa mashine. Dalili zao ni hizi. Mchoro wa kweli hauishii kwenye ubavu wa bapa. Hupanda mpaka mgongoni, ukaonekana kama mistari ya tabaka, tena hushuka mpaka kwenye makali. Mchoro wa uongo hujirudia kama kitambaa cha kanga, na mgongo wa kisu huwa mtupu. Shaka ikizidi, fundi mwenyewe asugue mahali padogo palipofichwa chini ya kipini na kupatia tindikali tena. Mchoro wa kweli utarudi. Wa uongo hautarudi kamwe.

Sita, atazame mapambo. Nakshi iliyochongwa kwa patasi ya mkono ina mistari inayoanza myembamba, ikanenepa, ikamalizika kwa ncha kali, na ndani ya mfereji wake chuma hung'aa. Nakshi iliyomiminwa katika kalibu ina kina kimoja kila mahali, na kingo zake zimeviringika.

Saba, akivute kisu alani na kukirudisha. Ala nzuri hukishika kisu bila kukibana, na ukiitikisa haitoi sauti. Mishono ya ngozi iwe na hatua sawa. Lakini kisu kisihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi kwa miezi, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na dawa za kulainishia ngozi zaweza kukila chuma. Kipanguswe alama za vidole, kipakwe mafuta mepesi kama yale ya cherehani, kisha kiwekwe mahali pakavu. Kwa walio pwani, shauri hili si la hiari.

Jambia la Oman

Nimeulizwa kabla ya mkutano kama kanuni hizi zatosha kwa majambia yanayojulikana pwani yetu. Jibu ni kwamba hazitoshi, kwa kuwa kila kazi hupimwa kwa desturi ya watu wake.

Jambia la Oman, ambalo Waarabu huliita khanjar, limo katika bendera ya nchi ile pamoja na panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wake na desturi zake katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wanaume hulivaa kiunoni katika arusi na shughuli za heshima. Anayelithamini hutazama zaidi kipini, ala na mkanda kuliko bapa. Ala ya kawaida ina pete nne. Ile ya mtindo unaonasibishwa na ukoo wa kifalme wa Al Busaidi ina pete saba. Kazi bora ni ile ya nyuzi za fedha zilizosokotwa na kupangwa kwa mkono wa sonara; kazi hafifu ni bati la fedha lililopigwa muhuri wa mashine. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, nyuzi za mkono zinaonyesha msokoto na maungio madogo madogo, na maua mawili hayafanani kabisa. La muhuri hufanana yote. Tena fedha ya kale isisuguliwe kwa unga mkali ili ing'ae. Weusi uliokaa ndani ya nakshi kwa miaka mingi ni ushahidi wa umri wake, na mwenye kuuondoa amepunguza bei kwa mkono wake.

Hatari ya kwanza: pembe

Ndugu zangu, sasa nasema jambo zito. Kipini cha kisu cha fahari, tangu zamani, kimetengenezwa kwa pembe za ndovu na pembe za kifaru. Katika nchi ya Yemen majambia yaliyopendwa kuliko yote yalikuwa yale ya kipini cha pembe ya kifaru, ambacho kwa kushikwa miaka mingi hung'aa rangi ya kaharabu. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia wakati wa fedha za mafuta, wakarudi na uwezo wa kununua kile ambacho zamani kilikuwa cha wakubwa tu. Pembe hizo zilitoka wapi? Sehemu kubwa zilitoka katika Afrika yetu ya Mashariki. Inakadiriwa kwamba Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mnamo mwaka 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki wasiozidi mia chache. Katika Afrika nzima walikadiriwa kuwa 65,000 mwaka 1970, na mnamo mwaka 1995 wakawa kama 2,400. Ujangili ulikuwa na wanunuzi wa namna nyingi, wakiwemo wale wa dawa katika nchi za Asia ya Mashariki, lakini kipini cha jambia kilikuwa mmoja wa walaji wakubwa.

Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uitwao CITES, ulianza kutumika mwaka 1975. Faru wote waliingizwa katika Orodha ya Kwanza mwaka 1977, na hivyo biashara yao ya nchi hata nchi ikakatazwa. Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingiza pembe za faru mwaka 1982. Ndovu wa Afrika walipandishwa Orodha ya Kwanza kwa uamuzi wa mwaka 1989.

Kwa hiyo katibu ajue kutambua, ili ajue kukataa. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Ni nyuzi nyembamba zilizoshikamana, na ukitazama mahali ilipokatwa kwa upana, kwa kioo cha kukuzia, waona vitone vingi vidogo. Pembe ya ng'ombe au nyati haina vitone hivyo. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu, na pembe za mapishano hayo upande wa nje huzidi nyuzi 115. Wako wauzao pembe za mamothi, mnyama wa kale aliyekwisha toweka duniani, na zake huwa chini ya nyuzi 90. Plastiki haina wavu huo kabisa. Lakini mpaka mjibizane juu ya nyuzi, mali imekwisha kuwa ghalani kwenu na askari yu mlangoni. Amri iwe moja: chama kisipokee kipini cha pembe ya kifaru wala ya ndovu, hata mletaji akiapa kuwa ni urithi wa babu yake. Shauri la urithi lipelekwe kwa wakubwa wa wanyamapori. Si kazi ya katibu.

Badala yake ipo pembe ya ng'ombe, upo mfupa wa ngamia, na upo mpingo wetu, mti mzito, mweusi, usiopasuka ovyo ukikaushwa taratibu, unaotafutwa na watengeneza visu wa nchi za mbali. Lakini mpingo nao, pamoja na karibu jamii yake yote, uliingizwa katika Orodha ya Pili ya CITES mwaka 2017. Kwa hiyo kabla ya kupeleka bidhaa za mpingo nje ya nchi, ulizeni ofisi ya misitu juu ya vibali.

Hatari ya pili: jina

Kijiji cha Laguiole, kusini mwa Ufaransa, kinajulikana kwa kisu cha kukunja chenye umbo la nyuki juu ya kamani yake. Kisu hicho kilianza huko mnamo mwaka 1829, na jina la kijiji likawa jina la kisu. Wanakijiji hawakulilinda jina hilo. Likatumiwa na yeyote, popote, juu ya visu vizuri na vibovu. Na mwaka 1993 mtu asiye mkazi wa kijiji akaliandikisha kuwa alama yake ya biashara kwa bidhaa nyingi. Kijiji kilikwenda mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ya Paris ilikataa madai yake, na wakazi wakalishusha bango la jina la kijiji chao kwa uchungu. Ni mwaka 2019 tu ndipo mahakama ya rufani ilipofuta baadhi ya alama zile. Basi mjue kwamba nyuki juu ya kisu si ushahidi wa mahali kilipotoka.

Linganisheni na Sheffield, Uingereza. Huko, mwaka 1624, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Company of Cutlers in Hallamshire, umoja wa mafundi wa visu, na kazi yake mojawapo ikawa kuandikisha alama za mafundi na kulinda sifa ya kazi yao. Umoja huo upo hata leo. Wa kwanza walikuwa na jina bila daftari. Wa pili walikuwa na daftari kabla jina halijaibwa.

Mambo ya kutendwa

Napendekeza kila chama cha mafundi kitende mambo matano.

La kwanza, kifungue daftari la alama. Kila fundi awe na chapa yake, nayo ichorwe kitabuni pamoja na jina lake na tarehe. Kila kisu kipewe namba, aina ya chuma, aina ya kipini na namna kilivyofanywa: kimefuliwa au kimepunguzwa. Nakala ya maelezo hayo apewe mnunuzi. Baada ya miaka thelathini karatasi hiyo itakuwa sehemu ya thamani.

La pili, kichague kamati ya ukaguzi ya watu watatu, wawili wao mafundi, na mkaguzi asikague kazi yake mwenyewe.

La tatu, bei ipangwe kwa hesabu. Ziandikwe gharama za chuma, makaa, kipini na msasa, uchakavu wa vyombo, na saa za kazi. Tuseme kisu kimechukua saa 60. Zizidishwe kwa ujira wa saa wa fundi wa daraja lake, ndipo ushuru wa chama uongezwe. Mnunuzi akitaka kupunguziwa, aonyeshwe hesabu. Fundi asiyejua saa zake hawezi kujua kama amepata faida au ameuza ujana wake.

La nne, maneno yawe ya kweli. Kisu cha bapa la kiwandani kiandikwe hivyo. Chenye mchoro wa juu juu kisiitwe Dameski. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa ikija, ndipo ukaguzi uzidi.

La tano, wanagenzi wapokewe. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha uchunguzi wao juu ya matanuru ya kale ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, wakaeleza kuwa wafuaji wa huko walikuwa wakipata chuma cha pua kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Walipotaka kuona namna kilivyoyeyushwa, iliwabidi wawaendee wazee walioifanya kazi hiyo ujanani. Ufundi wa karne nyingi ulikuwa umebaki katika vichwa vya wazee wachache. Wahenga walisema pia kwamba mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Lakini kijana atavukuta kwa muda gani, ikiwa anaona kisu cha mzee wake kinauzwa kwa bei ya panga? Atakwenda mjini, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Ndugu Makatibu, methali nyingine inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Penye soko la watu wanaojua, ni kweli. Penye mnunuzi anayejua na muuzaji asiyejua, kizuri hujiuza kwa hasara. Mkirudi vyamani kwenu, waiteni mafundi, wekeni visu vyao mezani karibu na dirisha, na mkague pamoja nao mambo yale saba, moja baada ya jingine. Hakuna gharama yoyote katika kufanya hivyo, na mwezi ujao kitabu chenu hakitaandika tena "kisu, kimoja".